Mkuu Wetu na Bahasha ya Mahakama

Ukimuuliza mkuu wetu wa shule habari za ng'ombe wake, ulikuwa umejitafutia safari ndefu. Angekueleza yule mweusi anavyokataa kukamuliwa na mtu mwingine, yule wa mabaka alivyoingia kihamba cha jirani, shamba lake la nyumbani, akatafuna migomba michanga, na ugomvi uliofuata kati yake na jirani huyo, aliye shemeji yake, mpaka shemeji akasusa ubatizo wa mjukuu. Angekueleza presha yake imefika wapi na daktari amemkataza nini. Yote hayo angeyasema katika ofisi ya walimu, mlango uko wazi, kikombe cha chai ya rangi mkononi. Lakini ukimtajia mwanafunzi mmoja kwa jina na kutaka kujua habari zake, angeweka kikombe chini na kukuuliza, "Nani anauliza, na anataka kwa kazi gani?"

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika shule ya sekondari ya bweni huko Kirua Vunjo. Mimi nilifundisha Kiingereza na kushika ushauri nasaha, yeye alikuwa mkuu na bado alifundisha Jiografia, kwa sababu alisema mkuu asiyeshika chaki anasahau watoto wanafananaje. Walimu tulimwita Madam. Wazazi walimwita Mkuu, na hapa nitamwita hivyo.

Alikuwa ameolewa kutoka Masama, na Kichagga chake cha kule kiliwachekesha akina mama wa Kirua. Akitaka kununua majani ya ng'ombe kwa Kichagga chake, wao walimjibu kwa chao, wakaelewana nusu, na mwisho wote wakahamia Kiswahili. Yeye alikuwa Mlutheri katika kijiji ambacho wengi ni Wakatoliki. Jumapili alisali kanisa la Kilutheri, kila mara akichelewa, yeye ambaye shuleni hakumsamehe mtu kwa kuchelewa. Baada ya ibada alishuka na kusimama nje ya kanisa la Wakatoliki mpaka watu watoke. Sikujua anafuata nini mpaka siku moja nilipoandamana naye. Pale ndipo alipowapata akina baba wasiofika kwenye vikao vya wazazi. Aliwasalimia mmoja mmoja, akamvuta kando anayemhitaji, wakazungumza chini kwa chini, huku wengine wakijifanya wanatazama mlima.

Darasani alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka wanafunzi wakamwigiza bwenini: "Soma swali." Mwanafunzi akijaza kurasa kuhusu mito ilhali ameulizwa mvua, Mkuu alipiga mstari mmoja mrefu kwa wino wa kijani na kuandika pembeni, "Hukuulizwa." Wengine walimwona mkali. Mimi nilimwona ni mtu anayeheshimu maswali.

Alipoikuta shule ile, kulikuwa na desturi ya kusoma matokeo mbele ya wazazi wote, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Watoto wa mwisho walisimama pale wakitazama viatu vyao. Muhula wake wa kwanza tu aliifuta. Kila mzazi alikaa na mwalimu wa darasa, akaelezwa habari za mtoto wake na si za mwingine. Waliokasirika zaidi walikuwa wazazi wa wanaoongoza. Mzee mmoja alisimama kikaoni akauliza kwa upole kabisa sasa atajuaje kama mwanawe amempita wa jirani. Mkuu akamjibu kwamba jirani si mbali, anaweza kumuuliza. Watu wakacheka, mzee naye akacheka, ila hakuridhika. Lakini tukaanza kuona sura ambazo hatukuwahi kuziona siku ya wazazi. Walikuwa baba na mama wa wale wa mwisho.

Hata ukoo wake haukupata upenyo. Yule shemeji wa migomba, walipopatana, alikuja nyumbani kwake kumdadisi. Mwanawe alitaka kuoa msichana aliyesoma kwetu, na familia ilitaka kujua kama alikuwa na tabia nzuri shuleni. Mkuu alimwandalia mtori wa ndizi na nyama, akamwongeza, akamsimulia habari za ng'ombe. Shemeji aliondoka ameshiba na hana neno hata moja. Alilalamika kijiji kizima kwamba kaka yake ameoa ukuta.

Ajabu yake ni kwamba hakuzaliwa na tabia hiyo. Kwa asili alikuwa mtu wa kupenda habari. Alisimama njiani kuuliza nani amefiwa, nani amechumbiwa, mgonjwa wa nani amerudi kutoka hospitali. Siri ya nyumbani kwake haikulala. Mumewe aliniambia akicheka kwamba jambo lolote la kiwanja au mahari alimficha mkewe mpaka limalizike, la sivyo Kirua nzima ingelijua kabla ya jioni. Kwa hiyo kunyamaza kwake kuhusu wanafunzi kulikuwa kazi, na aliifanya kila siku kwa nguvu, kama mtu anayezuia mlango upepo usiufungue.

Nilikuja kujua uzito wa kazi hiyo mwaka ule wa kesi.

Tulikuwa na binti wa kidato cha pili ambaye wazazi wake walikuwa wametengana. Mama alikuwa fundi cherehani Moshi mjini, baba ana duka la vifaa vya ujenzi Arusha. Kipindi cha masika binti alianza kuja chumbani kwangu. Siku nyingine alilia tu. Siku nyingine alizungumza, na alipozungumza hakumwacha mtu. Alimsema mama yake maneno makali, akamsema baba yake makali zaidi, kisha akajisema mwenyewe. Niliandika, kama utaratibu ulivyotaka, na karatasi zikafungiwa kwenye kabati la chuma ofisini kwa Mkuu. Nilimwambia binti kile ambacho washauri wote tulizoea kusema, kwamba yatabaki mle mle.

Baba alipofungua shauri mahakamani, akitaka binti akaishi naye na ahamie shule ya Arusha, alikuwa ameshasikia kwamba mwanawe anaonana na mshauri. Akaja wakili wake, kijana mwenye adabu, viatu vimejaa tope la Kirua. Alikuwa na barua yenye nembo ya ofisi yake, inayodai faili lote la binti pamoja na maelezo ya ushauri. Mimi na makamu wa shule tuliiona ile nembo tukainuka vitini. Mkuu alimpa chai, akaisoma barua, akauliza imetoka kwa nani.

"Ofisini kwetu, Madam."

"Basi ni ombi," Mkuu akasema. "Na mimi nalijibu. Baba ana haki ya kujua mwanawe anahudhuriaje na anafaulu vipi. Hayo anapewa kila muhula, na leo nitakupa nakala umpelekee. Aliyoyasema mtoto akiwa analia, hayo sina ruhusa ya kukupa."

Wakili alieleza kwamba mteja wake ni mzazi halali na anaweza kwenda mahakamani. Mkuu akamwambia ndiko anakotakiwa kwenda, na mahakama ikiagiza, yeye atatii. Alimsindikiza mpaka getini, akamwonyesha njia isiyo na tope.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Baba alikuja mwenyewe, akapaza sauti uwanjani wanafunzi wakisikia. Mtu mmoja mzito alipiga simu kumshauri Mkuu asijiingize katika ugomvi wa watu. Mkuu akamwomba aweke ushauri huo kwa maandishi, na simu haikupigwa tena. Mkuu alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na mtu wa hali yake hutaka kuondoka kwa amani.

Kisha ikaja samansi, mara hii amri ya kweli yenye muhuri wa mahakama. Ilimtaka mkuu wa shule apeleke kumbukumbu zote za mwanafunzi huyo.

Makamu wetu alikuwa mtu mwema, na alichosema siku ile alikisema kwa wema. Aliangalia dari, akasema stoo ina panya wengi na karatasi zinapotea. Nami, nakiri, nilitamani Mkuu aitikie.

"Hapana," Mkuu akasema. "Nilimkatalia wakili kwa sababu hakuwa na mamlaka. Huyu anayo. Nikianza kuchagua ni lini nitii sheria, kesho mtu mwingine naye atachagua, na huyo mtoto hatakuwa na pa kukimbilia."

Akavaa miwani na kuisoma samansi kama anavyosoma swali la mtihani, kidole kikitembea chini ya kila neno: inataka nini, lini, mbele ya nani, na kama inamtaka aende mwenyewe au apeleke nyaraka tu. Kisha akashuka Moshi kumwona mwanasheria mmoja mama anayetoa msaada wa kisheria, akarudi na jibu rahisi. Kutii ni lazima. Lakini anayepeleka nyaraka anaweza kumweleza hakimu kwamba humo mna mambo ya siri ya mtoto, na kumwomba ayaangalie kwanza yeye mwenyewe kabla wengine hawajayaona.

Alipotoka huko alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alimpigia mama wa binti, kisha baba, akawaambia wote wawili maneno yale yale: samansi imekuja, siku fulani nitapeleka kilichoagizwa. Hakuna aliyesikia zaidi ya mwenzake. Baada ya hapo akamwita binti mwenyewe. Alikaa naye kwenye benchi nyuma ya jiko la shule, mimi nikiwapo, akamweleza samansi ni nini na hakimu ni nani.

Binti hakumtazama Mkuu. Alinitazama mimi.

"Ulisema yatabaki mle," aliniambia, akainuka na kwenda zake. Tangu siku hiyo hakuja tena chumbani kwangu.

Mkuu hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba kuanzia sasa mtoto yeyote aambiwe ukweli kabla hajafungua mdomo: sitamwambia mtu, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini au mahakama ikiniagiza, na hata hapo wewe utakuwa wa kwanza kujua. Nilimjibu kwamba mtoto akiambiwa hivyo hatasema kitu. Akasema watasema, na watasema kwa mtu wanayemwamini kweli.

Siku ya mahakama nilimsindikiza. Alivaa gauni la Jumapili. Karatasi nilizitia kwenye bahasha mbili mbele yake, ya kwanza mahudhurio na matokeo, ya pili maelezo ya ushauri, naye akaweka saini juu ya gundi. Kesi za watoto hazisikilizwi hadharani, kwa hiyo tulikuwa wachache katika chumba kidogo: hakimu, karani, wazazi wawili walioketi mbalimbali, wakili wa baba, na afisa ustawi wa jamii. Mkuu alipoitwa aliweka bahasha mbili mezani, moja mbali kidogo na nyingine.

"Mheshimiwa, nimeleta kila nilichoagizwa," alisema. "Sikuchana wala sikuficha. Hii ni ya shule. Hii nyingine ni maneno ya mtoto. Naomba kabla haijafunguliwa mbele ya wazazi wake, uiangalie wewe peke yako, uone kama kweli shauri hili haliwezi kuamuliwa bila hiyo."

Wakili akasimama kupinga. Alisema shahidi ameitwa kuleta nyaraka, hakuitwa kutoa hoja. Alikuwa na haki kusema hivyo. Hakimu akamuuliza Mkuu kama yeye ni mwanasheria.

"Hapana, Mheshimiwa. Ni mwalimu wa Jiografia."

Karani aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Hakimu hakutabasamu, lakini alichukua bahasha ile ya pili akaingia nayo chumba cha ndani. Tulisubiri. Mama wa binti alikuwa ameshika pindo la kitenge chake kama anayehofia litachanika. Baba alitazama ukuta. Nilimwona kwa mara ya kwanza kama mtu anayeogopa.

Hakimu aliporudi alisema ameona ya kutosha. Mahudhurio na matokeo yatapokelewa, na pande zote mbili zipewe nakala. Maelezo ya ushauri yatarudishwa shuleni yakiwa yamefungwa kwa lakiri ya mahakama, kwa kuwa mtoto mwenyewe yupo, ana umri wa kujieleza, na yeye atamsikiliza faraghani akiwa na afisa ustawi wa jamii. Alisema pia kwamba mtoto aliyemwambia mtu uchungu wake asije akaona uchungu huo umegeuzwa fimbo ya mzazi mmoja kumpigia mwingine. Kisha akaita shahidi mwingine, kama mtu aliyesema jambo la kawaida.

Nje Mkuu alikaa kwenye ngazi na kuomba maji. Nilidhani atafurahi. Alipokwisha kunywa akaniambia kwamba kama hakimu angeamua vinginevyo, angeiacha bahasha pale na kurudi nyumbani, na labda asingelala kwa muda mrefu.

Binti alisikilizwa. Iliamuliwa abaki kwa mama yake na abaki shuleni kwetu, na likizo azigawe kwa wote wawili. Tuliporudishiwa bahasha, Mkuu alimwita ofisini, akamwonyesha ile lakiri haijaguswa, akamwacha aishike, kisha akaifungia. Wiki iliyofuata binti alibisha mlango wangu.

Hata baba alitushangaza. Siku ya kutembelea wanafunzi alimfuata Mkuu, akasimama mbele yake bila kujua aanzie wapi. Mwisho akasema alichotaka kujua ni kama mwanawe anamchukia. Mkuu akamwonyesha uwanja wa netiboli.

"Mwenye jibu yuko pale," akamwambia. "Muulize. Ila akijibu, usimkatize."

Walikaa nyasini baba na mwana mpaka kengele ikalia. Sikujua waliambiana nini. Nilichojua ni kwamba baba alianza kuja kila siku ya wazazi, akitoka Arusha alfajiri, na baadaye akakubali kuingia kamati ya shule, ambamo alibishana na Mkuu kuhusu kila jambo na kumheshimu kuliko wote.

Kabla hajastaafu Mkuu alitukalisha walimu wote. Alitufundisha samansi inasomwaje na barua ya wakili inajibiwaje. Alitufundisha pia kuandika: andika alichosema mtoto, usiandike unachomfikiria mama yake. Alitaka tujue kwamba siku moja mtu mwingine anaweza kuisoma karatasi hiyo, na mtu huyo anaweza kuwa mtoto mwenyewe.

Hilo la mwisho ndilo lililotokea. Mwaka jana binti, ambaye sasa anasomea uuguzi, alipanda Kirua kunitafuta. Alisema anataka kuyasoma yale maneno yake. Makamu wetu wa zamani, ambaye sasa ndiye mkuu, alikuna kichwa. Hakuna aliyewahi kuomba hivyo. Tulikubaliana niibebe bahasha tuende wote watatu kwa Mkuu, lakini siku ilipofika makamu huyo wa zamani alikuwa na kikao, tukashuka mimi na binti.

Mkuu anaishi Rau siku hizi. Mumewe alifariki, ng'ombe aliwaachia wajukuu, naye akahamia karibu na mwanawe wa kike. Tulimkuta barazani anapepeta mchele. Amepungua mwili na sikio moja limekufa, lakini alimtambua binti kabla hatujafika mlangoni. Tulimwamkia, akaitikia kwa furaha, akaleta viti, akatueleza habari za presha. Nilipomweleza kilichotuleta hakufikiri hata kidogo.

"Ni yake," alisema. "Mpe. Kaeni naye asiwe peke yake."

Binti alikata lakiri kwa kisu cha jikoni. Alisoma polepole, ukurasa baada ya ukurasa, huku Mkuu akiendelea na ungo wake. Mahali fulani binti alicheka. Mahali pengine alifuta macho kwa kiganja na kuendelea. Alipomaliza alizikusanya karatasi magotini.

"Madam, wewe ulinionaje?" aliuliza. "Uliposoma haya, ulinionaje?"

"Sijayasoma."

Niligeuka kumtazama. Miaka yote hiyo niliamini aliyasoma hata kabla wino wangu haujakauka. Nilimkumbusha kwamba ufunguo wa kabati ulikuwa kwake.

"Nilipewa ufunguo wa kufungia," alisema.

"Na siku ile mbele ya hakimu?" binti akauliza. "Ulisimama ukaniombea, na hujui nilisema nini?"

"Nilijua aliyesema ni nani. Nilikuwa nakuona kila asubuhi mstarini."

Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wanatoka mashambani na majembe mabegani, wakamsalimia Mkuu, naye akawajibu wote bila kuwaacha. Walipopita, binti alisema anaomba kumsomea Mkuu. Si yote. Ule ukurasa unaomhusu mama yake, na ule wa baba, na hapo mwisho alipojisema mwenyewe. Alisema wazazi wake alishazungumza nao, kila mmoja kwa wakati wake, na sasa amebaki yeye mwenyewe.

Mkuu aliweka ungo chini. Alijifuta mikono kwenye khanga, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana, akageuza kichwa upande wa sikio linalosikia.

"Haya, mwanangu," alisema. "Soma taratibu."